Zipu za Mahema Ishirini na Mawili

Kastori alikuwa akipima lastiki juu ya kaunta Mektrida alipoingia dukani kwake, Jumatatu asubuhi, kuomba roli moja la zipu nyeusi namba nane. Aliomba bila wasiwasi, kama mtu anayeomba kiberiti, kwa kuwa miaka sita yote aliyoshona mjini Moshi hakuwahi kukosa zipu katika duka lile.

"Zipu hakuna, mama," Kastori alijibu, macho yakiwa bado kwenye lastiki.

"Mangi, usinitanie asubuhi yote hii."

"Nikutanie nini? Tajiri wangu wa Kariakoo hajaagiza mzigo tangu mwezi juzi. Benki wanamwambia dola hakuna, aandike jina asubiri. Mtaani ipo, lakini ni elfu mbili na mia saba kwa dola moja, na kwa kujuana. Juzi juzi tu ilikuwa elfu mbili na mia tatu. Sasa zipu, vifungo, sindano za mashine, hivyo vyote vinatoka nje, mama. Nilizobaki nazo ni hizi za sketi."

Alimwekea mkononi kizipu chembamba, urefu wa kiganja. Mektrida alikitazama, akakirudisha, halafu akaegemea kaunta kwa viwiko.

Nyumbani kwake Shirimatunda sebule ilikuwa imejaa mahema hadi dirishani. Mahema ishirini na mawili, mali ya Mzee Elisaria, mwenye kampuni ya kupandisha watalii mlimani. Yote yalikuwa na ugonjwa mmoja: zipu za milango zimekufa, hazishiki. Walikubaliana elfu ishirini na tano kila hema, na mzigo uwe tayari Ijumaa saa sita mchana, kwa sababu Jumamosi wageni thelathini wangeanza kupanda kwa njia ya Machame. Mektrida alikuwa amepokea malipo ya awali, laki mbili na nusu. Humo alitoa laki moja na elfu themanini, akapeleka shuleni kwa Rachel, binti yake wa kidato cha tatu, ambaye alikuwa amesharudishwa nyumbani mara mbili kwa ajili ya ada. Elfu sabini akaiweka ya zipu.

Lakini hilo silo lililomtia hofu zaidi. Jumamosi, kwa kutaka kuokoa muda, alikaa na wembe toka asubuhi akafumua zipu za zamani katika mahema yote. Kila hema lilikuwa na mlango ulioachama. Hata kama angetaka kuyarudisha, asingekuwa na uso wa kuyarudishia.

"Arusha je?" aliuliza.

"Nimepiga Arusha, nimepiga Himo. Hakuna." Sasa Kastori aliinua macho, akaona uso wa mteja wake, akapunguza sauti. "Pole, Mama Rachel. Ningekuwa nayo ningekupa hata kwa mkopo."

*

Mumewe, Vedastus, alimkuta jikoni akimenya ndizi ambazo hakuna aliyekuwa na njaa ya kuzila. Vedastus alikuwa mtu wa Kagera aliyekuja ukanda huu kijana, akabaki. Alikuwa fundi wa malori ya mkandarasi mmoja mdogo anayebeba miwa. Malori mawili kati ya matatu yalikuwa yameinuliwa juu ya magogo, yakisubiri giaboksi kutoka nje, na mkandarasi alimwambia apumzike nyumbani mpaka ziingie. Huo ulikuwa mwezi wa tatu wa kupumzika. Mwanamume aliyezoea kurudi na grisi hadi kwenye nyusi sasa alikuwa akifagia uwanja kabla majirani hawajaamka, ili wasimwone.

"Nenda kwa mzee," alisema alipokwisha kusikia. "Mweleze. Mtu mzima huelezwa."

"Na akitaka pesa yake?"

Vedastus alichukua kisu akamsaidia kumenya.

*

Jumanne asubuhi Mektrida alivaa gauni lake la kanisani, akapanda ngazi hadi ofisini kwa Mzee Elisaria. Alikaa kwenye benchi saa nzima na nusu. Wapagazi walioingia nyuma yake waliitwa kabla yake. Alipoingia, mzee alikuwa akizungumza kwa simu, akamwonyesha kiti kwa kidole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mahema yamekwisha?"

Mektrida alimweleza. Alieleza vizuri, bila kulia, akaomba vitu viwili: siku tatu za kutafuta zipu Dar es Salaam, na nyongeza ya elfu kumi kila hema, kwa kuwa hata zikipatikana bei itakuwa nyingine.

"Mama," Elisaria alisema, "nyie watu mnasema dola ikipanda, sisi wa mlima tunachinja mbuzi kila siku. Si ndivyo mnavyosema?"

"Mimi sijasema, mzee."

"Mnasema. Haya, ni kweli, nikibadilisha dola za wageni napata shilingi nyingi. Lakini ada za hifadhi nalipa kwa dola hizo hizo. Dizeli imepanda, gesi imepanda, unga wa ngano wa wapishi umepanda. Hema jipya ni dola mia nne, na linatoka nje. Unadhani kwa nini nimekuletea yale mabovu? Zamani ningeyagawa bure nikanunua mengine." Alivuta pumzi. "Wageni hawawezi kusubiri siku tatu. Tiketi zao za ndege zimekatwa toka mwaka jana. Ijumaa saa sita. Kama huwezi, nirudishie laki mbili na nusu yangu leo, nitafute mahema ya kukodi."

Mektrida aliangalia vidole vyake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: dola ile ile iliyomletea kazi ndiyo iliyomnyima zipu.

"Pesa yote siwezi kuipata leo, mzee."

"Umeila."

"Nimelipa ada ya mtoto."

"Hiyo cherehani yako ya viwandani inauzwa shilingi ngapi?" aliuliza Elisaria, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya nyanya. Kijana wa mapokezi, aliyekuwa amesimama mlangoni na faili, aliinamisha kichwa.

"Ijumaa saa sita mahema yako utayapata, mzee," Mektrida alisema, akainuka. Alishuka ngazi huku akijiuliza ni mdomo wa nani uliotoa ahadi ile.

*

Jumatano alikwenda Memorial, kwenye soko la mitumba, akiwa na wazo moja tu: labda atapata mahema makuukuu au makoti marefu ya baridi ayachune zipu. Mahema hayakuwapo. Makoti yalikuwapo, lakini zipu zake zilikuwa fupi na bei zake zilikuwa za kutisha. Belo za mitumba nazo zinanunuliwa kwa dola, wauzaji walimwambia, kila mmoja kwa zamu yake, mpaka akachoka kusikia neno dola.

Kufika saa tano jua lilikuwa limemkolea. Mwanamke mmoja aitwaye Juliana, aliyekuwa akiuza mabegi na viatu, alimwonea huruma akamwambia, "Kaa hapo, dada, utaanguka." Akamwonyesha begi kubwa la kuburuza, yale ya wasafiri wa ndege, limelala chini halina magurudumu. Mektrida aliketi juu yake.

Alikaa akiwaza cherehani. Huku anawaza, vidole vyake vilikuwa vikicheza na zipu ya lile begi, mbele na nyuma, kwa mazoea ya kazi. Ikapita kitambo kabla hajagundua vidole vinamwambia nini. Zipu ilikuwa nzito. Ilikuwa na meno ya plastiki yaliyosokotwa, laini, kama ya hema. Alishuka, akapiga magoti kwenye vumbi, akageuza kichwa cha zipu kuangalia mgongoni. Palikuwa pameandikwa nane.

Alilizungusha begi. Chini ya zipu ya kufungia palikuwa na zipu ya pili, ile ya kulitanua begi mizigo ikizidi. Ililizunguka begi zima. Aliipima kwa mkono, toka ncha ya kidole hadi begani, kisha tena, kisha tena. Mita mbili na nusu. Mlango wa hema ulihitaji mita mbili na robo. Tena ilikuwa mpya kabisa. Pengine tangu kiwandani haijafunguliwa hata mara moja.

"Yesu wangu," alisema kwa sauti.

"Vipi, dada?" Juliana aliuliza.

"Haya mabegi mabovu, unauza shilingi ngapi?"

"Hayo? Hayana wanunuzi. Lete elfu mbili."

Mektrida angenyamaza angeshinda. Lakini furaha ilimponza. "Unayo mangapi? Nayataka yote."

Juliana alimtazama upya, toka kiatu hadi kitambaa cha kichwa. "Yote? Basi ni elfu tano."

Walibishana robo saa. Mektrida aliapa, akaondoka, akarudi. Juliana alikula yamini kwamba hata kwa elfu tano anapata hasara. Mwisho wakafika elfu nne, na Juliana akaingia kazini mwenyewe, akawazungukia wenzake wa meza za jirani kukusanya mengine. Yakapatikana kumi na manne. Elfu hamsini na sita. Elfu kumi na nne iliyobaki ilitosha uzi na nauli ya guta la mizigo.

Vedastus alikuja kumsaidia kusukuma. Waliingia Shirimatunda na guta limesheheni mabegi, mekundu, ya bluu, jingine la maua, na jirani mmoja akaita toka barazani, "Baba Rachel, mnahamia Ulaya?" Watu wakacheka. Vedastus, ambaye miezi mitatu alikuwa akiwakwepa watu hao hao, aliinua mkono juu kama mtu wa kwenye ndege.

"Tukifika tutawapigia," alijibu.

*

Kazi ilianza Jumatano hiyo hiyo alasiri. Vedastus alifumua mabegi kwa wembe, taratibu, mshono kwa mshono, ili asikate utepe wa zipu. Kila begi lilitoa zipu ya kutanulia iliyo nzima. Hizo zikawa kumi na nne. Katika zile za kufungia, nyingine zilikuwa zimeliwa meno, lakini nane zilikuwa bado imara, na urefu wake ulitosha bila kubaki hata shubiri. Kumi na nne na nane. Mektrida alizihesabu mara tatu kwa kutoamini.

Halafu wakakwama. Kichwa cha zipu ya begi kina kishikio upande wa nje tu. Aliyemo ndani ya hema lazima naye aweze kufungua na kufunga. Usiku wa mlimani mtu hawezi kuita mpagazi kila anapotaka kwenda chooni. Vichwa vya zamani vya mahema vilikuwa na vishikio pande mbili, lakini ndivyo hivyo vilivyokuwa vimelegea.

"Nipe hivyo," Vedastus alisema.

Alikwenda kutoa koleo lake dogo kwenye sanduku la vifaa lililokuwa limefungwa tangu malori yaliposimama. Alikishika kichwa kimoja, akakibana kidogo upande wa kushoto, kidogo upande wa kulia, akakiingiza kwenye zipu mpya, akakivuta. Kikapita bila kufunga. Akabana tena, kwa kiasi cha unywele. Safari hii meno yalishikana nyuma yake kama vidole vya watu wanaosalimiana.

"Ukikibana sana kinakatika, ukikibana kidogo hakishiki," alisema, na Mektrida aliona kwamba mumewe anatabasamu. "Ni kama breki tu."

Alhamisi walianza kabla ya jua kuchomoza. Mektrida alishona mpaka kiuno kikawa kama cha mti. Vedastus alibana vichwa ishirini na viwili. Vitatu vilivunjika, akavifidia na vya begi, akivifungia kamba ndogo ipitayo ndani. Kila zipu iliposhonwa aliisugua kwa mshumaa, akaifungua na kuifunga mara thelathini, akihesabu kwa Kihaya. Ijumaa saa nne na nusu hema la mwisho lilikunjwa. Zipu zilikuwa na rangi zote alizoziumba Mungu.

*

Mzee Elisaria alifika na pikapu pamoja na kiongozi wake mkuu wa wageni, Ndelilio, mtu mrefu mwenye midomo iliyopasuliwa na baridi. Mzee alikunjua hema la kwanza uani. Lilikuwa la kijani, na zipu yake nyekundu.

"Hii ni nini?"

"Zipu, mzee. Namba nane, kama ulivyotaka."

"Wageni wangu wanalipa dola elfu mbili kila kichwa, niwalaze kwenye viraka?" Aliyakunjua mengine. Bluu. Kijivu. Zambarau. "Mabegi! Umenitolea mabegi! Hapa nakata elfu kumi kila hema."

Mektrida alikuwa hajalala vya kutosha kuweza kuogopa. "Mzee, ofisini uliniuliza cherehani yangu inauzwa ngapi. Nikanyamaza kwa sababu una haki ya mali yako. Leo mali yako ndiyo hii, imefika saa tano, siyo sita. Rangi hatukuandikiana. Tuliandikiana mlango ufunge."

Elisaria alifungua mdomo, lakini Ndelilio alikwisha kuingia ndani ya hema la kijani. Walisikia zipu ikishuka, ikipanda, ikishuka. Alivaa glovu zake nene akarudia tena toka ndani. Akatoa kichwa nje.

"Inafunga, mzee. Laini kabisa."

Elisaria alitazama saa. Alitazama mahema, akatazama pikapu. Kisha akatoa pochi akahesabu laki mbili. "Laki moja nabaki nayo hadi mahema yarudi. Huko juu upepo hausikilizi maneno. Ikifunguka hata moja mtu akaganda, mama, usikanyage ofisini kwangu."

*

Ungedhani angepumzika. Pesa ya chakula ilikuwapo, ya umeme ilikuwapo. Lakini Mektrida hakuwa amefikiria mlima mpaka Elisaria alipoutaja. Mpaka hapo zipu ilikuwa zipu. Sasa ilikuwa ukuta baina ya mtu na baridi, na ukuta huo alikuwa ameutoa kwenye begi lililotupwa.

Kila asubuhi alitoka uani kuangalia mlima hadi kilele cha Kibo. Jumapili na Jumatatu ulikuwa wazi. Jumanne wingu lilishuka, zito, jeusi chini yake, likakaa huko siku mbili bila kusogea. Wanawake sokoni walisema huko juu kunanyesha barafu. Mektrida alipiga simu ya Ndelilio, haikupatikana. Chakula kilimshinda. Kwenye ibada ya katikati ya wiki kasisi aliposema kila mtu aombe nia yake, aliona aibu kumwambia Mungu kwamba anaombea zipu, akaomba tu walio safarini.

"Nilizijaribu mara thelathini," Vedastus alimwambia.

"Ukiwa uani."

"Nikiwa uani," alikubali.

Jumamosi saa nane mchana pikapu ilisimama nje. Mektrida alikuwa anaanika nguo. Alimwona Ndelilio akishuka peke yake, uso umeungua kwa jua la juu, na hakuweza hata kumkaribisha.

"Sema," alisema.

"Habari za hapa, mama?"

"Ndelilio, sema kwanza!"

Ndelilio aliona jinsi alivyoshika kamba ya nguo, akaacha salamu. "Zimefunga. Zote ishirini na mbili. Jumanne tulikuwa kambi ya Karanga. Upepo ulianza jioni, ukaleta barafu, ukatupiga mpaka alfajiri. Kampuni ya jirani milango yao miwili iliachia. Wageni wao wanne tuliwahifadhi kwenye hema letu la kulia chakula. Mimi nilikuwa nazunguka na tochi kukagua zetu. Hakuna hata moja iliyoachia. Kuna bibi mmoja, ana miaka sitini na nane, alilala kwenye lile hema la zipu nyekundu. Asubuhi nilikwenda kumwangalia nikidhani nitamkuta analia. Nilimkuta anakoroma. Ananiuliza, 'Kwani usiku kulikuwa na upepo?'"

Mektrida aliachia kamba. Alikaa chini palepale kwenye majani, kando ya beseni, akajifunika uso kwa kanga mbichi, na mabega yakaanza kutikisika. Vedastus alitoka ndani mbio akidhani ni msiba, mpaka alipoona kwamba mkewe anacheka na kulia kwa pamoja.

Ndelilio alitoa bahasha. Laki moja ilikuwamo, kamili. Nyuma ya pikapu kulikuwa na mifuko kumi na mitano ya kulalia na hema kubwa la jikoni. "Mzee anasema utaje bei, lakini anakuomba usimuue."

Mektrida alifuta macho, akaomba simu. Alimsalimia mzee kwa heshima zote, akamjulia hali ya familia, kisha akataja elfu thelathini na tano kwa kila zipu, nusu mbele, na tarehe ataipanga yeye akishaona vifaa vimepatikana. Upande wa pili Elisaria akaguna guno refu la mtu anayeinua gunia, akasema, "Haya, mama. Haya."

Vedastus na Ndelilio walishusha mizigo, wakaketi kunywa chai na kuzungumza habari za malori na dola. Mektrida aliingia ndani kutafuta daftari la kuandikia kazi mpya, akakalia kochi kidogo tu, avute pumzi.

Saa kumi jirani alikuja kuulizia suruali aliyoileta kupunguzwa. Vedastus alimpokea mlangoni, akasimama katikati ya njia, kidole mdomoni.

"Njoo kesho," alisema kwa sauti ya chini. "Mama Rachel amelala."